Uzi wa Kupimia Kichwa cha Nassor

Nyinyi vijana mnaovaa helmeti kwenye kiwiko, hebu kwanza niambieni kiwiko hicho kina nini cha thamani kiasi hicho. Nauliza kwa nia njema. Nimenunua vitu vya magari kwa muda mrefu kuliko umri wa wazazi wa wengi wenu, na bado sijahudhuria maziko ya mtu aliyekufa kwa kuumia kiwiko.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa gereji, Bagamoyo. Fundi hufungua, fundi hufunga, na katikati yao kuna mtu anayepanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kile kilichovunjika. Mtu huyo nilikuwa mimi, Shomari. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa jua na ya tope wakati wa mvua. Kuna masika basi lilikwama Kerege, nikamalizia safari juu ya lori la nazi huku nimepakata beringi mbili kama pacha wachanga. Nilizihesabu nilipopanda na nikazihesabu nilipofika. Msicheke. Vitu vina tabia ya kupungua njiani, na anayeulizwa si njia.

Kazi ya kununua ina adabu zake. Ukiingia dukani usikitazame unachokitaka. Kamata kingine, kigeuze geuze, kirudishe kwa masikitiko. Bei ya kwanza usiijibu kwa maneno, ijibu kwa kikohozi. Chenji ihesabu mbele ya mwenye duka, kisha uihesabu tena nje, maana kuna noti hujikunja kwa aibu. Hayo yote yalinifaa kwa plagi, kwa feni belti, kwa matairi. Siku niliyotumwa helmeti hayakunifaa hata moja, na ndiyo sababu nakaa kuwaandikia.

Mwenye gereji alikuwa Nassor, kijana wa mji wa kale, fundi mwenye masikio makali. Alikuwa akisikia injini inapita barabarani na kusema, "Yule ana vavu imeungua," na wiki hiyo hiyo gari linaletwa likivutwa kwa kamba. Gereji ilikuwa yake, lakini kiwanja kilikuwa cha mama yake, Bi Zuwena, na kwa hiyo neno la mwisho pia lilikuwa la mama. Bi Zuwena alikuwa mjane anayedarizi kofia za viua. Wanaume walimtumia maagizo kutoka Pangani mpaka Unguja, na msikitini Ijumaa ungeweza kukaa nyuma ukazitambua kofia zake kichwa baada ya kichwa.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Chama cha madereva cha Dar kilipata ruhusa ya kutumia kiwanja cha zamani cha ndege katika shamba moja la mkonge, upande wa Msata. Walipanga mapipa kuwa kona, wakaleta saa ya kupimia, na mwenye gari lake akaruhusiwa kuja kuzunguka kwa kasi anayoiweza bila kukutana na ng'ombe wala basi. Nassor alikuwa amefufua Peugeot moja ambayo kabla yake ilikuwa banda la kuku. Akataka kwenda. Tukaenda pamoja kwa mama yake kuomba ruhusa, kwa maana alijua peke yake hatarudi nayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaeni. Nasikia unataka kwenda kukimbiza gari."

"Ni kuzunguka tu, Mama. Kwenye kiwanja."

"Kuzunguka. Na ukimaliza kuzunguka unakuwa umefika wapi?"

Nassor akafikiri. "Pale pale nilipoanzia."

"Basi baki hapo hapo, mwanangu, uokoe petroli."

Mimi nikatazama mkeka. Bi Zuwena hakucheka. Aliweka sindano chini, na hapo tukajua mzaha umekwisha. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Lori lake lililala ubavu njia panda ya Msata, polepole, hata magunia nusu hayakumwagika. Mwili mzima haukuwa na alama. Kichwa tu kiligonga nguzo ya mlango.

"Baba yako hakuwa anakwenda mbio," akasema. "Kwa hiyo sikukatazi mbio, maana polepole nako nimekuona. Lakini nasikia kuna kofia za kukinga kichwa. Niletee. Nikiiridhia mimi, utakwenda. Nisipoiridhia, ufunguo wa gari nitaulalia, na uje uutafute chini ya godoro la mama yako kama una ubavu huo."

Sasa sikilizeni alichofanya, kwa sababu kila mtu wa mji ule angefanya hivyo hivyo. Alimwita Nassor karibu, akachukua uzi, akauzungusha kichwani juu ya nyusi, akapita nyuma pale panapotokeza, akafunga fundo. Halafu akalegeza fundo kidogo na kulifunga tena. Kofia ya kitambaa hufuliwa, hutiwa wanga, hukaushwa juani, na kila mara hurudi imepungua. Mshonaji anayekupimia kofia ikukae sawasawa siku ya kwanza amemshonea mtoto wako. Ndiyo maana fundi wa kofia huacha nafasi ya kufuliwa. Mkono wa Bi Zuwena ulikuwa umeacha nafasi hiyo miaka mingi, haukuhitaji kumwuliza. Akanipa uzi. Nikaufunga kwenye leso, nikapanda basi.

Dar nilikuwa na mtu wangu, Bwana Jivan, muuza vitu vya pikipiki. Tulikuwa tumezoeana kama mume na mke wanaogombana kila siku na hakuna anayeondoka.

"Helmeti," nikasema, huku nimeshika kioo cha pembeni ambacho sikukitaka.

"Kirudishe kioo, Shomari, kinakuonyesha uongo wako. Helmeti ya nani?"

"Ya Nassor wa gereji."

"Yuko wapi?"

"Yuko Bagamoyo anafanya kazi. Mimi nimekuja na kipimo." Nikatoa uzi.

Bwana Jivan akautazama uzi kama mtu aliyeletewa picha ya chakula. "Mimi nauza kwa kichwa. Mlete."

"Nauli ya kichwa utalipa wewe? Pima hapo."

Akapima, akanung'unika, akaniwekea nyeupe yenye mstari mwekundu, iliyokuwa sawa na uzi ule bila kuzidi wala kupungua. Kisha tukaingia kwenye bei, na hapo mimi nikastarehe. Tulibishana mpaka chai ikaletwa, tukabishana mpaka vikombe vikaondolewa. Nilitoka na bei ambayo nilijisifia basi zima mpaka Bunju, kwa abiria asiyeniuliza kitu.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Nassor aliivaa juu ya kofia yake ya viua, maana kichwa wazi hakukizoea, akatikisa kichwa huku na huku. Ilikaa kwa starehe. Haikumgusa mashavu, haikumbana kipaji cha uso, aliweza kuizungusha kidogo apate upepo. Bi Zuwena akazunguka akamtazama kila upande.

"Inakubana?"

"Hapana, Mama. Kama haipo."

"Basi imekaa," akasema, na ufunguo ukatoka.

"Kama haipo." Vijana, mkisikia neno hilo kutoka kinywani mwa mtu anayejaribu helmeti, mnyang'anyeni.

Siku ya kwenda kiwanjani tulipakia gari watu watatu, na Bi Zuwena alikaa mbele na mwavuli wake. Kabla gari halijaruhusiwa kuingia kulikuwa na mkaguzi, bwana mmoja mfupi, mstaafu wa pikipiki za polisi, ambaye alikuwa haamini kitu mpaka akivute. Aliwarudisha watu wengi asubuhi ile. Mmoja alikuja na kofia ya wajenzi, ile ya njano. Mkaguzi akamwambia hiyo ni ya kukinga tofali linaloanguka kutoka juu, na yeye hana tofali, ana gari, na gari humrusha mtu ubavuni. Kijana wa Kiwangwa aliyekuja na pikapu ya kubebea mananasi alivaa kofia ya chuma ya askari, nzuri kweli kweli, ila ndani ilikuwa tupu. Mkaguzi akaigonga kwa spana. Ikalia kama kengele ya shule.

"Umesikia?" akamwuliza kijana.

"Nimesikia, mzee."

"Ukigonga mlango, kichwa chako ndicho kitakuwa kigongo cha kengele hiyo. Nenda kaa na watazamaji."

Ikafika zamu ya Nassor. Alikuwa amefunga mkanda wa kidevuni barabara, anatabasamu. Mkaguzi hakutazama mstari mwekundu wala hakuuliza bei. Alienda nyuma yake, akaingiza vidole chini ya ukingo kwenye kisogo, akainua kwenda mbele. Helmeti ikabingirika, ikapita juu ya paji la uso, ikatoka na mkanda wake umefungwa vile vile. Ndani yake mlikuwa na kofia ya viua, imekaa kwa utulivu kama yai kwenye kiota.

Watu wakacheka. Mimi pia ningecheka kama si mimi niliyeinunua.

"Ala! Shela imefunuliwa kabla bwana harusi hajafika!" mtu akapaza sauti nyuma.

Mkaguzi akamrudishia Nassor helmeti kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. "Hizi mbili hazivaliwi pamoja. Na hii si yako. Ni ya mtu mwenye kichwa kikubwa zaidi, ambaye hayupo hapa."

"Imepimwa kwa uzi, mzee," nikasema.

"Uzi wa nini?"

Hapo Bi Zuwena akafunga mwavuli. Alikuwa amesogea bila sisi kumwona. Alichukua helmeti, akaingiza mkono ndani, akaikandamiza bitana ya sponji kwa dole gumba, taratibu, kama anavyopima kitambaa.

"Hii hufuliwa?" akamwuliza mkaguzi.

"Haifuliwi, Bibi. Hupanguswa."

"Hupungua?"

"Haipungui. Inalegea. Hii sponji hujifunza kichwa cha mwenyewe, hulala. Ndiyo maana siku ya kwanza lazima ibane, hata uichukie. Ukiinunua inakaa vizuri, baada ya muda inacheza."

Nikamwona Bi Zuwena anahesabu moyoni vichwa vyote alivyowahi kupima maishani, na vyote vilikuwa na nafasi. "Basi inakwenda kinyume na kofia," akasema. "Kofia huanza pana ikaishia sawa. Hii ni lazima ianze finyu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Washa gari. Twende nyumbani."

Mimi nilidhani mambo yamekwisha, na Peugeot itarudi kwa kuku. Tulipofika karibu na mji ndipo Bi Zuwena akasema, akitazama mbele, "Shomari, basi la kwanza la Dar linaondoka saa ngapi?"

Tulikwenda watatu. Bwana Jivan alipotuona mlangoni alitaka kuniambia jambo, akamwona Bi Zuwena, akalimeza. Akasalimu, akasalimiwa, akatoa kiti. Helmeti ya kwanza akaipokea, akaigeuza, akakubali kuichukua tena. Kisha akataja kiasi atakachokata, mimi nikaanza kukohoa.

"Shomari," Bi Zuwena akasema, "leo una kikohozi?"

"Hapana, Mama."

"Basi nyamaza. Bei tutaongea kikipatikana kinachofaa. Ukianza na bei, utanunua kile ulichofanikiwa kukishusha."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo, nami ndiye niliyekuwa nikilipwa kwa kushusha.

Walianza kazi, yeye na Bwana Jivan, na kichwa cha Nassor katikati. Kofia ya viua iliwekwa mfukoni. Mikanda inashikwa kwa mikono miwili na kuvutwa kando, ndipo helmeti ifunguke na kuteremka. Ukiisukuma bila kuvuta mikanda utakunja masikio, na mtu aliyekunjwa masikio husema uongo ili aivue upesi. Ikishaingia, shika helmeti pande mbili, mwambie mwenyewe akaze shingo, kisha izungushe. Ngozi ya kipaji lazima iende nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, weka chini. Sukuma ukingo wa nyuma kwenda mbele kwa nguvu ya mtu mwenye hasira, na mbele kwenda nyuma vile vile. Bi Zuwena alisukuma mpaka Nassor akaomba maji.

"Inaniuma mashavuni, Mama."

"Mashavuni sikuulizi. Kuna mahali pamoja panapokuchoma, kama kokoto?"

"Hapana. Inabana tu pote."

"Kubana pote ni sawa," Bwana Jivan akadakia. "Kuchoma mahali pamoja, hapana. Hiyo itamtia kichwa kuuma, atakuwa anaifikiria hiyo badala ya kona."

Wakamkalisha nayo kitini. Chai ikaja, akainywa akiwa ameivaa, na wateja waliingia wakatoka wakimpa pole. Alipoivua wakamtazama kipaji kwenye mwanga wa mlangoni. Kulikuwa na wekundu uliosambaa sawasawa, hakuna alama ya nukta. Hiyo ndiyo iliyofaa. Tatizo ni rangi yake: kahawia, kahawia ya mtungi wa zamani, haina mstari wala nyota. Pembeni yake rafuni kulikuwa na nyingine ya buluu inayong'aa, ambayo mtu fulani aliiacha iuzwe, na bei yake ilikuwa nusu. Nassor hakuweza kuiondolea macho. Mimi pia, kwa sababu zangu.

"Na ile?" Nassor akauliza.

"Ile imetumika," Bwana Jivan akasema.

"Lakini mpya kabisa. Tazama rangi."

Bi Zuwena akaiomba. Hakutazama nje. Akaielekeza juani, akachungulia ndani, akapitisha kucha chini ya bitana. "Mtu huipaka rangi mpya kofia ambayo haijagonga kitu kwa sababu gani?" akauliza, hakumlenga Nassor wala mimi, akauliza tu. Bwana Jivan akaichukua taratibu akairudisha rafuni, juu zaidi safari hii.

Tukanunua ya kahawia. Bei niliruhusiwa kuizungumza mwisho kabisa, nikaishusha kidogo kwa heshima ya kazi, na chenji niliihesabu ndani na nje kama kawaida. Njiani Nassor alisema akiwa nayo atafanana na mbuyu. Mama yake akamwambia hajawahi kusikia mbuyu umekufa kwa kugonga mlango.

Uwanja ulipofunguliwa tena, yule mkaguzi alikuja nyuma ya Nassor na vidole vyake. Akainua. Helmeti haikutoka, Nassor ndiye aliyeinuka, akasimama kwa ncha za viatu, shingo imenyooka kama kanga aliyesikia kitu. Mkaguzi akavuta tena kuhakikisha, akaangalia pete mbili za mkanda kama utepe umepita ndani na kurudi, kisha akamgonga begani. "Ingia."

Alizunguka vizuri. Sitawapamba: hakuwa wa kwanza, hakuwa hata karibu na wa kwanza, lakini ile Peugeot ililia vizuri na kila mara alipopita Bi Zuwena alisogeza midomo, sijui anasoma dua au anahesabu. Kona ya mwisho upande wa mkonge, gurudumu la nyuma likakanyaga mchanga laini. Gari likateleza ubavu, likapanda ukingo, likalala. Lililala polepole. Sisi wote tuliliona likifikiria kabla ya kulala.

Bi Zuwena alikuwa amesimama. Alianza kutembea moja kwa moja kuelekea kule, mwavuli ukabaki umeanguka, na hakuna aliyethubutu kumzuia, wala mkaguzi mwenyewe.

Nassor alitokea dirishani, akakaa juu ya mlango na kuuliza kama kioo cha mbele kimepona. Alikuwa mzima. Paji la uso lilikuwa limevimba kidogo pale bitana ilipomkandamiza, na sikio moja lilikuwa jekundu. Mama yake alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakipapasa juu, nyuma, kando, kule kule alikopitisha uzi. Akapapasa mara ya pili. Ndipo akashusha pumzi.

Helmeti ilikuwa na mkwaruzo mdogo juu ya sikio, wa ukubwa wa kucha. Kwingine safi. Kijana mmoja wa pikipiki akanisogelea akaniuliza kama tunaiuza, na kwa mazoea yangu ya miaka nikajikuta nimemtajia bei, naye ameshakohoa.

"Lete," Bi Zuwena akasema.

Akaipokea, akachukua dole gumba la Nassor na kulisukuma ndani, usawa wa ule mkwaruzo. Lilizama. Tabaka gumu lililo chini ya bitana, lile la kupokea kishindo, lilikuwa limebonyea na kubaki limebonyea.

"Upande wa pili," akasema. Nassor akabonyeza upande wa pili. Haukuzama. Akarudi huku tena, na uso wake ukabadilika.

"Imekwisha," mama yake akasema. "Imefanya kazi yake mara moja, na ina mara moja tu." Akatoa mkasi wa kudarizi kwenye mkoba, akaikata mikanda yote miwili mbele ya yule kijana wa pikipiki, ili asije mtu mwingine akaivaa akidhani ni nzima. Akampa Nassor gamba tupu lililobaki.

Nassor aliligeuza mikononi kwa muda mrefu. Tukaona anatafuta namna ya kuuliza. "Mama. Basi... ndiyo mwisho?"

Bi Zuwena alilitazama gari, akautazama mchanga, akamtazama kijana wake aliyesimama wima juu ya miguu yake.

"Dar tutakwenda wiki ijayo," akasema. "Si kesho. Kichwa kimevimba, kitatudanganya kipimo."